Mtama, Mchicha na Kwinoa: Maswali na Majibu ya Marudio

Dondoo hizi ni za wanafunzi wa jioni, wale wanaofunga duka Mtaa wa Kongo au kukunja meza Mchikichini ndipo waje darasani. Mada ni mazao yanayostahimili ukame na uhakika wa chakula katika mabadiliko ya tabianchi. Soma swali, funika jibu, jibu kwa maneno yako, kisha linganisha. Mifano mingi nimeitoa sokoni kwetu Kariakoo, Dar es Salaam. Anayepita kila siku mbele ya magunia ya mtama hana haja ya kukariri mifano ya nchi asizozijua.

Swali la 1. Uhakika wa chakula ni nini?

Ni hali ambayo watu wote, wakati wote, wanaweza kupata chakula cha kutosha, salama na chenye lishe, kwa ajili ya maisha ya afya na kazi. Maana hii ilikubaliwa katika Mkutano wa Kilele wa Chakula uliofanyika Roma mwaka 1996. Ina nguzo nne: chakula kuwepo, watu kuwa na uwezo wa kukipata, mwili kukitumia vizuri, na mambo hayo matatu kudumu bila kuyumba.

Usiishie kutaja nguzo, zitumie. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, na karibu wote wananunua chakula kwa fedha. Kwa hiyo mahindi yanaweza kuwepo tele Songea na Sumbawanga, na bado mbeba mizigo wa Kariakoo akalala na njaa kwa kuwa bei ya unga imepanda. Nguzo ya kwanza imesimama, ya pili imeanguka. Mtahini anataka kuona umeielewa tofauti hiyo.

Swali la 2. Mabadiliko ya tabianchi yanamfikiaje mtu wa Kariakoo ambaye halimi?

Kwa bei, kwa maji na kwa njia. Vuli ikikosekana, kama ilivyokuwa mwaka 2021 na tena 2022, mahindi hupanda bei miezi michache baadaye. Oktoba 2022 maji ya Mto Ruvu yalipungua mpaka Dar es Salaam ikaingia kwenye mgawo, na mama lishe akawa ananunua maji ya madumu kabla hajanunua mchele. Mvua ikizidi, Bonde la Msimbazi hufurika, barabara ya Jangwani hufungwa, na mzigo unaotoka upande wa Magomeni hulazimika kuzunguka. Mafuriko ya Desemba 2011 hayasahauliki katika bonde lile.

Kumbuka basi kuwa mabadiliko ya tabianchi si ukame peke yake. Kinachomuumiza mkulima zaidi ni mvua isiyotabirika: inachelewa kuanza, inakatika katikati ya msimu, kisha inarudi kwa kishindo mimea ikiwa imeshakauka.

Swali la 3. Zao stahimilivu ni zao la namna gani?

Ni zao linaloendelea kutoa mavuno ya maana mazingira yanapokuwa magumu. Jiulize kila mara: linastahimili nini? Mtama unastahimili ukame na joto. Mpunga unastahimili maji yaliyotuama. Muhogo unastahimili ukame na udongo hafifu, lakini maji yakisimama shambani siku kadhaa, mizizi huoza. Hakuna zao linalostahimili kila kitu, na jibu linalosema hivyo ni la uongo.

Swali la 4. Kwinoa ni nini, na kwa nini imesifiwa duniani?

Kwinoa ni mmea wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini, hasa Bolivia na Peru, ambako watu wameulima kwa maelfu ya miaka. Mbegu zake ndogo hupikwa kama wali. Kibotania si nafaka halisi kwa kuwa haitoki katika jamii ya nyasi kama mahindi na mtama, ndiyo maana huitwa nafaka bandia.

Sifa zake ni za kweli. Mbegu ina protini ya takriban asilimia 14, yenye amino asidi zote muhimu ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, ikiwemo laisini ambayo ni haba katika mahindi. Haina gluteni. Huota hata kwenye miinuko ya karibu mita 4,000, huvumilia baridi na ukame, na baadhi ya aina zake huvumilia udongo wenye chumvi nyingi kuliko karibu zao lolote la chakula. Umoja wa Mataifa, kwa pendekezo la Bolivia, uliutangaza mwaka 2013 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kwinoa.

Sifa hizo zilikuja na gharama. Bei ilipanda kama mara tatu katika miaka ya kuelekea 2013, wakulima wa nyanda za juu za Bolivia wakalima hata maeneo waliyokuwa wakichungia llama, na udongo mwepesi ukachoka. Nchi nyingine nazo zikaanza kulima. Kuanzia mwaka 2015 bei ikaanguka. Mkulima aliyekuwa ametegemea mlaji wa New York na Paris akabaki na shamba lililochoka na mzigo usio na bei.

Swali la 5. Je, kwinoa inaweza kuwa jibu kwa Tanzania?

Inaweza kuwa na nafasi, lakini ndogo. Majirani wameijaribu: Malawi, Kenya na Rwanda wamefanya majaribio ya mashambani, na kuna maeneo ya miinuko yenye ubaridi ambako ilizaa vizuri. Kwetu sehemu za kufikiria zingekuwa nyanda za juu kama Mbeya, Njombe na miteremko ya Kilimanjaro.

Vikwazo ni vitatu. Kwanza, joto. Likipita nyuzi 35 wakati wa kutoa maua, mbegu nyingi hazijai, na ukanda wa pwani una joto na unyevu usioipendeza. Pili, ganda la mbegu lina saponini, kemikali chungu yenye povu, hivyo lazima zioshwe kwa maji mengi au zisuguliwe kwa mashine kabla ya kupikwa. Zao unalolisifu kwa kustahimili ukame, kisha linataka maji jikoni, linahitaji kufikiriwa mara mbili. Tatu, mlaji. Dar es Salaam kwinoa inanunuliwa kwenye vifurushi vidogo vya maduka makubwa. Mama lishe wa Mtaa wa Mkunguni haijui, wala hana sababu ya kuitafuta leo.

Tahadhari ya mtihani: usiikatae kwinoa kwa kuwa ni ya kigeni. Mahindi na muhogo navyo vilitoka Amerika, na leo ndivyo tunavyoviita chakula chetu. Ikatae au ikubali kwa hoja ya udongo, joto, maji na mfuko wa mlaji.

Swali la 6. Taja ndugu wa karibu wa kwinoa anayepatikana Kariakoo.

Mchicha. Wanafunzi hushangaa, lakini kwinoa na mchicha ni wa familia moja ya mimea. Mchicha tunaonunua kwa fungu ni wa majani. Upo pia mchicha nafaka, unaolimwa kwa ajili ya mbegu, na mbegu zake hukaribiana sana na kwinoa kwa umbo na kwa protini. Hauna uchungu wa saponini wa kukusumbua. Tena mchicha hutumia njia ya usanisinuru inayoitwa C4, inayouwezesha kutengeneza chakula penye jua kali kwa maji machache. Kwinoa hutumia njia ya C3, inayolegea joto linapozidi.

Kituo cha Mboga Duniani kina ofisi yake ya kanda Arusha tangu mwaka 1992, na kimeshughulika sana na mchicha. Aina ya Madiira 1 imetokana na kazi hiyo. Kwa maoni yangu, fedha ya kuitafutia kwinoa soko Dar es Salaam ingezaa zaidi kama ingewekwa kwenye mbegu na usagaji wa mchicha nafaka, kwa sababu jina la mchicha tayari liko midomoni mwa watu na hakuna mtoto wa Ilala asiyeujua.

Swali la 7. Eleza jinsi mtama unavyouvumilia ukame kuliko mahindi.

Anza kwa kukwepa kosa la kawaida. Wengi huandika kuwa mtama huvumilia kwa sababu ni mmea wa C4. Mahindi nayo ni C4, kwa hiyo hoja hiyo peke yake haitenganishi chochote. Tofauti iko kwingine.

Mizizi ya mtama huenda chini na kutawanyika vizuri, ikafikia unyevu ambao mahindi huuacha. Majani yake yamepakwa nta inayozuia maji kupotea, nayo hujikunja jua likizidi. Zaidi ya yote, mtama ukikosa maji husimamisha ukuaji, ukalala, kisha mvua ikirudi ukaendelea. Mahindi hayana subira hiyo. Ukame ukiyakuta kwenye wiki mbili za kutoa mbelewele na nywele, uchavushaji huvurugika, gunzi hubaki na mapengo, na mvua itakayokuja baadaye haiwezi kurekebisha.

Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni chini kidogo ya milimita 600. Mwaka wa kawaida mahindi yanaweza kutoka. Mvua ikikatika Februari kwa wiki tatu, jirani aliyepanda mtama huvuna, na aliyepanda uwele huvuna hata kama mvua ilikuwa haba zaidi. Taja pia aina za mbegu zilizoboreshwa nchini: Tegemeo, Pato na Macia, pamoja na Hakika na Wahi zinazovumilia kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka. Utafiti huu sasa uko chini ya TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, na kituo cha Hombolo, Dodoma, ndicho cha kukitaja.

Swali la 8. Kama mtama unafaa hivyo, kwa nini mkulima wa Dodoma bado anapanda mahindi?

Hili ndilo swali kubwa la mada, na hapa ndipo alama nyingi hupotea. Majibu mengi husema mkulima hana elimu. Si kweli. Babu yake alikula ugali wa uwele kwa mlenda na alijua vizuri kwa nini. Mkulima anafanya hesabu.

Hesabu ya kwanza ni ndege. Kwelea kwelea hushuka kwa makundi makubwa na kumaliza shamba la mtama mweupe kwa muda mfupi. Kuna mitama myekundu yenye tanini ambayo ndege huiepuka, lakini tanini hiyohiyo huufanya ugali uwe mchungu. Kulinda shamba la mtama mweupe ni kazi ya kutwa, na mara nyingi anayepewa kazi hiyo ni mtoto aliyepaswa kuwa shule. Mahindi yamefunikwa na maganda.

Ya pili ni usagaji. Mashine ya kukoboa na kusaga mahindi iko kila kijiji. Mtama una punje ndogo, unataka kukobolewa kwa namna yake, na mashine isiyofaa huacha mchanga na pumba. Mama aliyewahi kutwanga mtama kwenye kinu hahitaji kuambiwa kwa nini binti yake anapenda sembe.

Ya tatu ni soko, na kwangu hii ndiyo inayoamua. Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda kutafuta mzigo linatafuta mahindi na mchele, kwa sababu ndivyo vinavyohitajika Tandale, Manzese na Kariakoo. Mtama huuzwa, ila kwa wanunuzi wachache. Mkulima anayehitaji ada ya shule Januari anapanda kitu ambacho dalali yeyote atakinunua.

Jibu la daraja la juu litaongeza historia. Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha watu kulima muhogo na mtama kama akiba ya njaa, na mazao hayo yakachukua sura ya amri na ya shida. Ukame wa 1973 hadi 1975 ulipoikumba nchi, tuliagiza nafaka nyingi kutoka nje, na Serikali ikaja na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Mwaka 1975 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo iliendesha kampeni ya Chakula ni Uhai. Bei za mazao ya ukame zikapandishwa ili wakulima wavutiwe, nao wakavutiwa kweli. Wakalima. Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, likawajibika kununua, na mwishoni mwa miaka ya 1970 likajikuta na shehena za mtama, uwele na muhogo ambazo watu wa mijini hawakuzitaka. Wakati wa uhaba Dar es Salaam ilipanga foleni ya unga wa mahindi ya njano ya msaada, ambao watu waliuita unga wa Yanga kwa rangi ya klabu ya Jangwani. Waliozoea sembe nyeupe waliula kwa kulazimika, na hali ilipotengemaa wakarudi kwenye nyeupe.

Soko kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka huohuo wa 1975. Nchi ilikuwa inajenga soko kubwa la chakula na kuhimiza mazao ya ukame kwa wakati mmoja, lakini hayo mawili hayakukutana. Hakuna aliyemfundisha mpishi wa mjini kuupika mtama, wala kumtafutia unga uliosagwa vizuri.

Swali la 9. Jadili muhogo kama zao la akiba, na hatari zake.

Muhogo ndilo zao la ukame ambalo Dar es Salaam inalipenda bila kuhimizwa. Asubuhi unachemshwa kwa nazi, jioni unachomwa na kupakwa pilipili na chumvi, na kutwa machinga wanapita na muhogo mbichi, karanga na vipande vya nazi kwenye sinia. Faida yake kuu ni kwamba ghala lake ni shamba: unaweza kuuacha ardhini miezi mingi ukachimba unapouhitaji. Ukishachimbwa, huharibika ndani ya siku mbili au tatu, ndiyo maana wa sokoni hutoka mashamba ya karibu ya Pwani na wa mbali huja ukiwa makopa au unga.

Hatari ya kwanza ni magonjwa ya virusi. Batobato hukunja majani. Michirizi ya kahawia ni mbaya zaidi kwa kuwa shina linaweza kuonekana zima huku mzizi umeoza ndani. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936, na aliyeuona ni mtafiti Storey wa kituo cha Amani, Tanga. Yote mawili huenezwa na inzi weupe, na pia na vipando tunavyopeana wenyewe kwa wema.

Hatari ya pili ni sianidi. Muhogo mchungu usipolowekwa na kukaushwa vya kutosha hubaki na sumu, na ukame huiongeza. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime mkoani Mara walipata konzo, ugonjwa wa ghafla wa kupooza miguu usiopona. Walikuwa na njaa, wakafupisha siku za kuandaa muhogo. Andika hili kwa heshima: hawakuwa wazembe, walikuwa hawana kingine cha kula.

Swali la 10. Sumukuvu inahusianaje na mada hii?

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu wanaoshambulia mahindi na karanga, hasa mmea ukiwa umeteswa na ukame na joto shambani, kisha mazao yakihifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafa, na chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani. Mtama na uwele navyo vinaweza kupata kuvu, lakini mara nyingi kwa kiwango cha chini kuliko mahindi. Hii ni hoja ya nguzo ya tatu, matumizi, na ni watahiniwa wachache wanaoikumbuka.

Swali la 11. Mlaji wa mjini anaweza kufanya nini ili mazao stahimilivu yapandwe?

Anunue, lakini bidhaa iwe nzuri kwanza. Viwanda vya bia vimeonyesha kuwa mtama mweupe ukipata mnunuzi wa uhakika, wakulima hulima. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, nalo limenunua mtama wa wakulima wa Dodoma. Wanunuzi hawa wanasaidia, ila ni wakubwa na wachache. Mmoja akiondoka, mkulima anarudi kwenye mahindi. Mlaji wa kila siku hana mkataba, lakini yuko kila siku.

Dalili njema zipo. Ulezi hauhitaji kampeni Kariakoo, kwa kuwa uji wake unanunuliwa na mama mwenye mtoto mchanga na mzee pia. Unga wa mtama na wa uwele nao sasa unaonekana kwenye maduka ya nafaka, ukinunuliwa hasa na watu wenye kisukari na wanaoogopa kisukari. Bahati mbaya mara nyingi unauzwa ghali kuliko sembe. Zao la maskini wa Dodoma limekuwa la mwenye nafasi Dar es Salaam, na hapo mbeba mizigo wetu wa Swali la 1 bado yuko nje.

Taja pia kazi ya Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti Mosha na Svanberg walionyesha kuwa kijiko cha kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, hulainisha uji mzito ukanyweka bila kuongezewa maji. Mtoto mwenye tumbo dogo hupata nguvu zaidi kwa bakuli lilelile. Ulezi unafaa sana. Mtama ukitumika, machipukizi huondolewa kwa kuwa yana kemikali inayotoa sianidi. Maarifa haya yametoka hapahapa Dar es Salaam, na yanastahili kujulikana na kila mama anayenunua unga wa lishe.

Swali la 12. Zoezi la kujipima, alama 20.

Tembelea maduka matatu ya nafaka Kariakoo. Andika bei ya kilo moja ya mahindi, sembe, mtama, unga wa mtama, ulezi na unga wa muhogo. Muulize muuzaji kila mzigo umetoka mkoa gani na umefikaje. Kisha eleza ni zao lipi ungemshauri mama lishe aliongeze kwenye chakula chake cha mchana, na kwa nini.

Namna ya kusahihisha: bei zote sita, alama 6. Mikoa na njia ya usafirishaji, alama 4. Ushauri wenye hoja, alama 10, na hizo hazitolewi kwa kutaja virutubisho tu. Hesabu mkaa utakaotumika, muda wa kupika, na kama mteja aliyezoea wali atarudi kesho. Anayelinganisha bei ya mtama ghafi na ya sembe iliyo tayari kupikwa, bila kuweka gharama ya kukoboa na kusaga, anapoteza alama 4.